Bendera Iliyobaki Drooni

Kila siku saa nane na nusu mchana, Bi Bendera alifungua kufuli la kibanda cha kona ya sita ya uwanja wa mbio za magari, akachukua ufagio na kuondoa changarawe zilizorukia lami. Kisha alivuka barabara na kuukagua ukuta wa matairi makuukuu, akiyasukuma moja baada ya jingine kwa goti kuona kama kamba zimelegea. Alirudi, akatundika bendera zake za kuwaongoza madereva kwenye misumari, akavaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, akawasha redio ya mkononi na kusema, "Kona ya sita, tayari." Kutoka chumba cha juu, kule juu ya gereji, mtunza saa alimjibu kwa sauti yake ya mafua yasiyopona, "Nimekupata, kona ya sita." Saa tisa kasoro dakika kumi mume wake, aliyekufa miaka tisa nyuma, alipita mbele yake kwa kasi ya kilomita mia moja na arobaini kwa saa.

Alimwona kwa sekunde mbili. Mzunguko mmoja wa uwanja ulimchukua mumewe dakika moja na sekunde arobaini na nane, naye hakupumzika mpaka jua lizame, kwa hiyo kwa siku alipita mara mia moja na kitu. Bi Bendera alishapiga hesabu. Zilikuwa kama dakika nne. Alijua wanawake wenye waume hai, wanaolala kitanda kimoja, ambao hawazipati hizo nne.

Uwanjani mumewe aliitwa Kimya, maana aliweza kushinda gereji kutwa nzima, watu wakipiga makelele juu ya kichwa chake, na maneno aliyotoa yakawa "spana" na "asante". Alikuwa dereva mzuri, si wa kutisha. Alichowazidi wenzake ni kutii. Ukipeperusha njano anapunguza mwendo. Ukipeperusha bluu anasogea pembeni bila kukunja uso. Bi Bendera alimpenda kwa hilo kabla ya kumpenda kwa mengine, kwa sababu na yeye alikuwa hivyo hivyo.

Mambo yalianza Jumapili moja. Katika mzunguko wa thelathini na sita mvua ilishuka, si manyunyu, mvua yenyewe, na maji yakatuama kona ya sita. Mwenyekiti wa chama cha mbio, aliyekuwa chumba cha juu pamoja na wageni wa televisheni, alisema watu waendelee, kwa kuwa matangazo yalikuwa yamebakiza nusu saa hewani na nusu saa hiyo ilikuwa imeshalipiwa. Katika mzunguko wa arobaini na moja gari la Kimya lilielea juu ya maji, likavuka ukuta wa matairi na kugonga zege. Hapo ndipo mbio ziliposimamishwa.

Kwenye ripoti Mwenyekiti hakuandika kwamba zimevunjwa. Mbio zikivunjwa, televisheni na wadhamini wanarudishiwa fedha zao. Aliandika kwamba zimesimama kwa muda. Jumatano walimzika Kimya. Mwenyekiti alilipia jeneza, akalishika upande wa mbele, akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Kila aliyekuwepo alisema hivyo. Alhamisi, saa tisa kasoro dakika kumi, gari namba ishirini na saba, ambalo mabaki yake yalikuwa yamelundikwa nyuma ya kituo cha polisi, lilitoka gereji likiwa zima na kuanza mzunguko wa arobaini na mbili.

Mtunza saa alifungua ukurasa mpya wa daftari na kuuandika muda. Mwenyekiti alisimama dirishani, mikono nyuma, akatazama mizunguko mitatu. Halafu aliketi, akaomba ile ripoti irudishwe mezani, akafuta maneno "zimesimama kwa muda" na kuandika "zinaendelea".

Kitabu cha kanuni kilikuwa wazi juu ya jambo hilo. Mbio haziishi mpaka ipeperushwe bendera ya mwisho, ile ya miraba myeusi na myeupe, na bendera hiyo haipeperushwi bila amri ya Mwenyekiti. Ilikaa kwenye droo yake ya chini, pamoja na miwani ya kusomea na dawa za tumbo. Miaka tisa ilikaa humo, na mbio zikawa zinaendelea, na wadhamini wakawa wanalipa.

Watu walikuja kutazama. Mwanzoni walikuja kwa wingi, baadaye wakaja kwa kiasi, kama wanavyokwenda kutazama treni. Mtoto akiuliza, aliambiwa yule ni dereva aliyekufa na asiegemee uzio.

Mama mkwe wa Bi Bendera alikuja kila alasiri. Aliishi na mkwewe tangu msiba, akawa amehamishia kwake mashine yake ya kushonea na mto wake wa mgongo. Alibeba kiti cha kukunja na chupa ya chai, akaketi nyuma ya uzio hatua ishirini kutoka kibandani, na kila gari lilipopita alisema neno moja au mawili kwa mwanawe. Punguza. Kaa vizuri. Umekonda. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya mama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili.

Matangazo ya biashara yalianza mwaka wa pili. Hakuna aliyeweza kubandika stika kwenye gari ambalo halisimami, lakini haikuwa lazima. Mkataba uliposainiwa asubuhi, alasiri nembo ilionekana mlangoni, imenyooka na bila kipovu. Ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Ikaja ya simu, ikaja ya rangi za nyumba, na mwaka wa tano, kwenye boneti, ya kiwanda cha magodoro.

"Mwanangu hajalala miaka mitano," mama mkwe alisema siku hiyo, "na wamemtuma auze magodoro."

Alicheka kidogo, kisha akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, na Bi Bendera akajifanya anakunja bendera.

Mwaka wa nane pakawa hapana nafasi kwenye bati. Nembo zikaanza kupanda vioo. Kioo cha nyuma kilikwenda kwanza, halafu utepe wa juu wa kile cha mbele. Bi Bendera aliona hesabu inakoelekea. Kibanda chake kilikuwa upande wa ndani wa kona, mkono wa kulia, upande ule ule anaoketi dereva, na katika zile sekunde mbili alichopata kuona ni dirisha moja tu: helmeti yenye kioo cheusi, bega, na mkono wenye glavu juu ya usukani. Macho hakuwahi kuyaona. Kichwa kiligeuka upande wake, lakini kona ilikata kulia na dereva yeyote hutazama inakokata, kwa hiyo hakujipa moyo kwa hilo. Bega lilimtosha. Alilijua bega lile. Moja lilikuwa chini kuliko jingine tangu alipovunjika mtulinga.

Alikwenda kumwona Mwenyekiti. Alivaa gauni lake la ofisini, ambalo hakuwa na ofisi ya kulivalia, akapanda ngazi za chuma mpaka chumba cha juu. Mwenyekiti alisimama kumpokea, akavuta kiti mwenyewe. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alimwita shemeji, kama alivyomwita siku zote, maana yeye na Kimya walianza wote ujana wao wakifagia gereji zile zile.

Bi Bendera alimwomba lile dirisha la kulia liachwe.

Mwenyekiti alikwenda dirishani, akatazama mpaka gari likapita chini mara mbili. Alisema shemeji asidhani hajui. Alisema yeye pia humtazama, kila siku, na kuna siku akisikia injini ile inaingia gia ya tatu mwili unamsisimka kama wakati walipokuwa vijana hawana hata kiatu cha kubadilisha. Alisema ataona la kufanya. Wiki iliyofuata dirisha la kulia lilifunikwa lote na kampuni ya bima ya maisha.

Bi Bendera aliendelea kwenda kazini. Sekunde zilikuwa zile zile mbili, ila sasa zilikuwa za kutazama maandishi.

Mwaka wa tisa vilabu vya madereva viliandika barua ya malalamiko, na kamati ya uchunguzi ikaundwa. Ilikuwa na watu watatu na mwenyekiti wake alikuwa jaji mstaafu, mwanamke mwembamba aliyetembea na mto wake wa kukalia. Kazi yao ilikuwa kujibu swali moja: je, Mwenyekiti wa chama ametanguliza pesa mbele ya mchezo? Walitaka kuanzia siku ya mvua. Walitaka kujua kama kuna mtu aliyemwonya akapuuza.

Mtu huyo alikuwepo, na walimwandikia barua ya kumwita.

Mzunguko wa thelathini na nane Bi Bendera alikuwa ameinua redio na kusema maji yamezidi kona ya sita, anaomba ruhusa ya bendera nyekundu ili mbio zisimame. Aliambiwa asubiri. Mzunguko wa thelathini na tisa aliomba tena, na safari hii alijibiwa na Mwenyekiti mwenyewe, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba waendelee. Mzunguko wa arobaini aliomba mara ya tatu, na hakujibiwa. Nyekundu ilikuwa mkononi mwake, imefunguliwa, imelowa, imeelekea chini. Mtu wa kona haonyeshi nyekundu bila amri. Aliishika hivyo hivyo mpaka gari lilipoelea.

Hayo hakuwahi kumwambia mtu. Lakini mtunza saa alikuwa chumba cha juu siku ile, na alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Siku mbili kabla ya mahojiano alikuja nyumbani na daftari lake la zamani ndani ya bahasha. Maombi yote matatu yalikuwemo, saa, dakika na sekunde, kwa mwandiko wake wa kulala. Alisema yeye ataitwa baada ya Bi Bendera. Akisema, atamuunga mkono kwa daftari. Asiposema, yeye hawezi kumtangulia mwenye mume.

Wote walijua kanuni. Kamati ikiridhika kwamba mbio zilipaswa kusimamishwa, zinahesabiwa zimeisha mzunguko ule ule, na bendera ya mwisho inahesabiwa imeshapeperushwa. Kimya angeingia gereji na asitoke tena.

Usiku haukuwa umeingia bado, mama mkwe alikuwa anakunja upindo wa pazia. Mtunza saa alipoondoka, mama mkwe alizima mashine ya kushonea.

"Useme, mwanangu," alisema. "Amechoka. Mimi ndiye niliyemzaa, najua akichoka anavyokata kona."

"Ndiyo, mama."

"Akilala, na sisi tutalala."

"Ndiyo, mama," Bi Bendera alisema, na alikuwa anamaanisha.

Mahojiano yalifanyika ukumbi wa mikutano wa uwanja, meza imetandikwa kitambaa cha kijani, chupa za maji zimepangwa kama askari. Mwenyekiti aliulizwa kwanza. Jaji hakuzunguka, alimuuliza kinachotangulia kwake ni pesa au mchezo.

"Nilipokuja hapa mara ya kwanza, majani yalikuwa yanafika kiunoni," Mwenyekiti alijibu. "Madereva walikuwa wanachangishana petroli. Pesa ndiyo iliyofyeka yale majani. Nionyesheni mahali mchezo unapoishia na pesa inapoanzia, nami nitasimama upande mnaotaka."

Lilikuwa jibu zuri. Jaji aliliandika lote. Bi Bendera mwenyewe alijikuta analikubali kidogo, kama mtu anavyokubali wimbo wa jirani asiyempenda.

Kisha aliitwa yeye. Jaji alimuuliza kama siku ile aliomba mbio zisimamishwe. Ukutani, juu ya kichwa cha jaji, palikuwa na saa ya duara. Ilionyesha saa nane na dakika tano. Bi Bendera alifikiri kwamba bado dakika arobaini na tano atoke. Alifikiri kwamba akisema ndiyo, zitakuwa dakika arobaini na tano na halafu hakuna kitu, si bega, si maandishi, si hata ule mtikisiko wa lami unaotangulia kwenye nyayo kabla gari halijaonekana. Aliona, kwa uwazi uliomtia baridi, kwamba yeye na yule mtu mkubwa aliyeketi kushoto kwake wametaka kitu kimoja kwa miaka tisa.

"Sikumbuki," alisema.

"Hukumbuki kama uliomba?"

"Mvua ilikuwa na kelele. Sikumbuki."

Mtunza saa, alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema hana. Alilifunga daftari kwa mpira na kulirudisha kwenye bahasha. Bi Bendera aliwahi kibanda chake saa nane na nusu kamili, akafagia.

Mama mkwe hakusema naye siku nne. Alishona, akala, akaja uwanjani na kiti chake, lakini maneno yake yote alimpa mwanawe. Siku ya tano, wakiwa wanaosha vyombo, alisema bila kugeuka kwamba Bi Bendera amemnyima mtu usingizi. Bi Bendera alisema anajua. Mama mkwe alisuuza sahani mbili nyingine.

"Na mimi siku ile niliketi pale uwanjani," alisema, "naomba Mungu useme hivyo hivyo ulivyosema."

Kamati ilitoa taarifa ya kurasa arobaini. Ilisema haikuona ushahidi wa kutosha kwamba Mwenyekiti ametanguliza pesa mbele ya mchezo. Ilipendekeza mifereji ya kona ya sita ipanuliwe.

Mifereji haikupanuliwa, kwa kuwa miezi miwili baadaye Mwenyekiti, akiwa sasa na taarifa inayomsafisha, aliuza mbio. Zilinunuliwa na nchi ya mbali, iliyokuwa imejenga uwanja mpya wenye viti vya mito mahali ambapo mvua hainyeshi. Mbio ziliuzwa pamoja na vyote vilivyomo: jina, kombe, mitambo ya kuhesabia muda, na dereva aliyeko barabarani. Mwenyekiti aliuzwa pia, kwa namna yake. Alipewa cheo kikubwa zaidi kule. Alibandika tangazo langoni kwamba alasiri ya mwisho itakuwa Ijumaa, na kiingilio ni bure. Watu walisema si haba, ameonyesha utu.

Ijumaa Bi Bendera alifungua kufuli, akafagia, akayasukuma matairi kwa goti. Alisema kona ya sita tayari. Alimwacha mumewe apite mara tisini na tatu. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida na walikuwa wapole. Alipoona jua limegusa paa la gereji, aliitoa bendera nyekundu kwenye mfuko wake wa nailoni, akasogea mpaka ukingo wa lami na kuipeperusha kwa mikono miwili.

Kimya alifunga breki. Aliegesha gari kando, mbele kabisa ya kibanda, magurudumu yamenyooka, kama kanuni inavyotaka. Watu nyuma ya uzio walirudi nyuma hatua mbili ili mke na mume wazungumze.

Dirisha lilishuka, na ile bima ya maisha ikashuka nalo ndani ya mlango. Alivua helmeti. Hakuwa amezeeka. Bi Bendera aliolewa akiwa mdogo kwake kwa miaka minne, na sasa alimpita kwa mitano. Aliona kwamba mumewe ameliona hilo, na kwamba halikumsumbua.

Mama mkwe alifika kwanza, licha ya goti lake linalouma, maana watu walimfungulia kijilango cha uzio. Aliingiza mkono, akamshika shavu, akamuuliza kama amekula. Kimya alisema ameshiba. Akamwambia asikae juani sana. Mama mkwe alisema kiti chake kina kivuli, ingawa hakikuwa na kivuli, kisha akarudi zake taratibu, kwa sababu alikuwa mtu anayejua wakati mke na mume wanapotaka kuachwa.

Bi Bendera alikuwa na mambo ya miaka tisa ya kumwambia. Alitaka kumwambia juu ya paa lililovuja, juu ya shati lake la bluu alilokataa kuligawa, juu ya namna anavyolala upande mmoja wa kitanda na kuamka upande ule ule. Badala yake alisema la kamati.

"Waliniuliza kama niliomba zisimamishwe. Nikasema sikumbuki."

Kimya aliitazama mikono yake juu ya usukani.

"Uliomba?"

"Niliomba."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona ni ya haki. Redio kiunoni mwa Bi Bendera ilikuwa inauliza kona ya sita imepewa ruhusa na nani. Ilikuwa sauti ndogo, haina hasira. Kimya aliisikiliza, kisha akaitazama bendera nyekundu mikononi mwa mkewe.

"Na leo hukuomba," alisema.

Hakusema kwa kumlaumu. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha mafuta.  Baadaye Bi Bendera angekumbuka majibu mengi, mengine mazuri, na kila moja lilikuwa limechelewa miaka tisa.

Alimwomba ashuke garini. Alishika kitasa kutoka nje, akakivuta. Kimya alisema mbio zimesimamishwa tu, hazijaisha, na dereva akishuka anaondolewa. Bi Bendera alimwambia basi aondolewe. Kimya alitabasamu, kile kitabasamu chake cha upande mmoja, akaonyesha sindano ya joto kwenye dashibodi.

"Ishushe, mke wangu. Injini inachemka."

Alikuwa ameshika ile bendera juu muda wote, na mabega yalikuwa yanamwaka. Angeweza kuendelea kuishika. Alilifikiria hilo kwa miaka iliyofuata, mara nyingi akiwa anafanya shughuli nyingine: kwamba hakuna aliyeinyang'anya, kwamba usiku ungeingia na yeye angekuwa amesimama pale, na mumewe angekuwa ameegeshwa pale. Lakini alikuwa ameambiwa aishushe, na alikuwa mtu wa kutii. Aliishusha. Dirisha likapanda na bima ikapanda nalo. Gari likaondoka kwa gia ya kwanza, ya pili, na lilipoingia ya tatu lilikuwa limeshapinda kona.

Siku iliyofuata, saa tisa kasoro dakika kumi, hakutoka mtu gereji. Bi Bendera alikaa kibandani mpaka jioni kwa mazoea. Wiki ile alipata bahasha moja yenye barua mbili: moja ya onyo kali kwa kupeperusha nyekundu bila ruhusa, ya pili ya kumshukuru kwa utumishi wake na kumwarifu kwamba kazi imekwisha.

Mtunza saa alihamia kwa binti yake. Uwanja ulikodishwa kwa watu wa kufundisha udereva, na kona ya sita wanafunzi walijifunzia kurudi nyuma.

Ilipita miezi mitatu kabla hawajanunua king'amuzi. Mwenyekiti alikuwa na chaneli yake sasa, ya kulipia kila mwezi, na mama mkwe ndiye aliyesema walipie, atashona mapazia zaidi. Kule alasiri huwahi, kwa hiyo Kimya alitoka gereji wakati wao wanakunywa chai ya asubuhi. Walisogeza meza mbele ya televisheni. Mama mkwe alivaa miwani yake ya kushonea.

Waliona mengi kuliko walivyowahi kuona. Kamera zilimfuata uwanja mzima, hazikumwachia hata sekunde. Nyingine ilikuwa ndani ya gari, imeelekezwa usoni, na kule walikuwa wamempa helmeti yenye kioo cheupe ili macho yaonekane, kwa kuwa nayo yalikuwa na mdhamini. Bi Bendera aliyaona macho ya mumewe kwa saa nzima. Alimshukuru Mwenyekiti kimoyomoyo kabla hajaweza kujizuia.

Mtangazaji alikuwa anasifu. Alisema dereva huyu kwa umri wake wa barabarani ni wa ajabu kwa nidhamu, hana kosa, isipokuwa jambo dogo kwenye kona ya sita. Hapo kila mzunguko anapoteza sehemu moja ya kumi ya sekunde, na wataalamu hawajui kwa nini. Walirudisha picha polepole ili watazamaji wajionee.

Kona ya sita ya kule haikati kulia kama ya nyumbani, inakata kushoto. Mtu wa bendera wa kule, kijana mrefu mwenye glavu, anasimama kushoto. Gari liliingia kwenye kona, mikono ya Kimya ikazungusha usukani kushoto, na macho yake yakaenda kulia. Yalikwenda mahali palipokuwa na ukuta mtupu wenye mabango, yakakaa hapo sekunde mbili, yakarudi barabarani.

Mama mkwe aliweka kikombe chini na kuinama mbele.

"Anatazama nini pale?" aliuliza.

Bi Bendera alingoja gari lizunguke tena. Lilizunguka. Alimtazama mumewe akitazama kulia.

"Tangazo, mama," alisema.

"Basi litakuwa tangazo zuri sana," mama mkwe alisema, akammiminia chai.